Kuosha Wigi Bila Kuliua: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua zilizoletwa kwenye safu hii kuhusu utunzaji wa nywele za kubandika zimekuwa nyingi kiasi kwamba nimeamua kuzipa nafasi yote ya toleo hili. Kadhaa zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua sita na kuzifupisha bila kugusa kiini chake. Majina ya waandishi nimeyaacha, kama wenyewe walivyoomba, kwani wapo ambao hata ndugu wanaoishi nao nyumba moja hawajui kwamba nywele zile ni za kununua.

Kabla ya kuanza, tuelewane kuhusu maneno mawili. Ninaposema wigi la kubandika, nakusudia kile kipande cha nywele kinachofunika sehemu iliyopoteza nywele, aghalabu utosini na juu ya paji la uso, kikashikwa kwa gundi au kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, na kikakaa kichwani siku kadhaa au hata majuma kadhaa bila kuvuliwa. Kila wigi lina sehemu ya chini ambayo nywele zimefungwa au kuchomekwa juu yake. Mimi nitaiita kitako, kama tunavyosema kitako cha chungu, na naomba wasomaji wasicheke kwa sababu neno hilo litarudi mara nyingi. Kitako chaweza kuwa cha lesi, yaani wavu mwembamba unaopitisha hewa na maji. Chaweza kuwa cha plastiki laini inayofanana na ngozi, wakati mwingine nyembamba kuliko sehemu ya kumi ya milimita moja. Au chaweza kuwa cha kitambaa cha nailoni, ambacho ni kigumu zaidi na hudumu zaidi.

Nywele zangu zimekuwa kama katani

*Mshauri, salaam. Mimi ni mwanamume wa miaka 41 na nina wigi la kubandika la nywele za binadamu, lenye kitako cha lesi. Majuma mawili ya kwanza nilijiona kama niliyerudishiwa ujana. Sasa ni mwezi wa pili, na nywele zimekuwa kama katani: ni kavu, zinasokotana kisogoni, na kila nikichana nakuta nyingine zimebaki kwenye kitana. Naliosha kila asubuhi ninapooga, kwa shampuu niliyoizoea tangu zamani. Nasugua hadi litoe povu jingi, nalifuta kwa taulo, kisha nalichana likiwa bado limelowa. Fundi aliyeniuzia anasema kosa ni langu. Je, anasema kweli?*

Ndugu yangu, anasema kweli kwa sehemu kubwa, ingawa huenda naye ana lake la kujibu, na nitalifikia.

Unywele unaoota kichwani hupakwa mafuta na tezi zilizo kwenye mzizi wake kila siku, na ukidondoka, mwingine huota mahali pake. Kichwa cha kawaida hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na mwenye kichwa wala hana habari. Unywele wa wigi hauna mzizi, hauna tezi na hauna mrithi. Kwa kuwa hautoi mafuta, hauchafuki upesi kama unavyodhani. Na kwa kuwa hakuna kinachoulisha, chochote unachouondolea hakirudi mpaka wewe ukirudishe kwa mikono yako. Unapouosha kila asubuhi unasafisha kitu ambacho hakikuwa kichafu, na unakivua hata kile kidogo kilichokuwa kikikilinda. Kinachochafuka kwenye wigi ni kitako, pamoja na ngozi iliyo chini yake, ambako jasho, mafuta ya mwili na gundi hukutana. Kwa hiyo unapoosha wigi, nia yako iwe kwenye kitako na ngozi. Nywele zenyewe zipitiwe tu na povu linapoteremka.

Sasa tuje kwenye hiyo katani. Kila unywele umefunikwa na magamba madogo sana yaliyopangana kama vigae vya paa, yote yakielekea kwenye ncha. Yakiwa yamelala, unywele hung'aa na kuteleza. Yakisimama, unywele mmoja humkwaruza mwenzake na zote zikashikana. Maji ya moto huyasimamisha, msuguano huyasimamisha, na sabuni ya kipande, ambayo kwa kawaida pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, ni 9 hadi 10, huyasimamisha vibaya zaidi, kwa kuwa nywele hutulia kwenye pH ya karibu 5. Wewe unasugua kwa vidole ili upate povu, kisha unasugua tena kwa taulo, na mambo hayo unayafanya kila siku. Kwa majuma mawili umeosha mara 14. Mtu anayeosha mara mbili kwa juma angefika hapo baada ya majuma saba.

Hapa ndipo fundi anapoingia. Nywele za wigi hutoka kwenye vichwa vya watu wengi. Zikikusanywa kwa uangalifu, mizizi ikawekwa upande mmoja na ncha upande wa pili, magamba yote huelekea njia moja; katika biashara nywele hizo huitwa remi. Zikikusanywa ovyo, baadhi yake zinakuwa zimepinduliwa na zitasokotana hata zitunzwe vipi, kwa hiyo kiwanda huyavua magamba kwa asidi na kuzipaka silikoni ili zing'ae. Silikoni hiyo huoshwa na kwisha, na kinachobaki ni unywele uliochunwa. Ikiwa wigi lako lilibadilika ghafla baada ya kuoshwa mara chache tu, yawezekana kabisa kwamba ujana uliorudishiwa kwa majuma mawili ulikuwa ni silikoni. Likiwa limechakaa polepole, juma baada ya juma, basi ni mikono yako. Ukinunua jingine, uliza waziwazi kama nywele ni za remi, na uliza pia kama zimepakwa silikoni. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika.

Kuhusu namna ya kuosha wigi likiwa kichwani, nakushauri ufanye hivi, mara moja au mbili kwa juma. Lichane kabla halijagusa maji, kwa sababu fundo likilowa hukaza. Tumia chanuo lenye meno mapana, anza kwenye ncha na upande juu kidogo kidogo, huku mkono wa pili ukizishika nywele karibu na kitako ili mvuto usifike chini. Kwenye lesi, kila unywele umefungwa kwa kifundo kidogo kisichoonekana kwa urahisi, na kila unaouona umebaki kwenye kitana aghalabu ni kifundo kilichofunguka au unywele uliokatika pale ulipofungwa. Halafu simama wima chini ya shawa, uso ukiwa umeinuka kidogo, maji ya uvuguvugu yateremke kutoka kwenye paji kwenda kisogoni. Usiiname ukazimwaga nywele zote mbele, kwani zitapindukia na kufungamana palepale zinapotokea kwenye kitako, na huko ndiko fundo huwa gumu kufunguliwa.

Chukua shampuu isiyo na salfeti (kemikali kali ya kutoa povu), kiasi cha kijiko kimoja cha chai, uichanganye kwanza na maji kwenye kikombe, kisha uimimine. Iguse kwa ncha za vidole, ukibonyeza na kuachia, bila kuzungusha. Kwa kuwa kitako chako ni cha lesi, povu litapita kwenye wavu na kufika kwenye ngozi, ambako ndiko lilikokuwa likihitajika. Suuza kwa muda mrefu kuliko unavyodhani kunatosha, maana shampuu iliyobaki chini ya lesi huwasha na huidhoofisha gundi. Kondishena ipakwe kuanzia katikati ya nywele hadi kwenye ncha, ikae dakika tatu hadi tano, ioshwe kwa maji yasiyo na joto. Isifike kwenye kitako: hulainisha vifundo vikafunguka, na ikipenya hadi kwenye gundi, utaanza kuona kingo za mbele zikiinuka.

Taulo lizikumbatie nywele na kuzikamua taratibu, lisizisugue. Unywele wa binadamu hunywa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake, na ukiwa katika hali hiyo huvutika na kukatika kwa urahisi. Ndiyo maana kuchana wigi lililolowa ni kulinyonyoa. Subiri likauke kwa hewa mpaka libaki unyevu kidogo tu. Ukilazimika kutumia mashine ya kukaushia, iweke kwenye joto la chini na uishike umbali wa shibiri moja au zaidi. Usilale nalo likiwa bichi.

Siku ulizotoka jasho, suuza kwa maji matupu na kondishena kidogo kwenye ncha, shampuu iache. Na kisogoni, ambako ukosi wa shati na mto hukwaruza usiku na mchana, paka kila asubuhi kondishena ya kupulizia isiyooshwa, na ubadilishe foronya ya pamba kwa ya satini au hariri. Wigi ulilo nalo sasa laweza kupunguziwa ukavu: livue, lipake kondishena nzito kuanzia katikati hadi kwenye ncha, ulifunike kwa mfuko wa plastiki kwa nusu saa, kisha ulisuuze, na ncha zilizochanika zikatwe. Nywele zilizotoka hazitarudi, isipokuwa fundi azifunge upya moja moja, kazi ambayo kwa wigi la kawaida mara nyingi huwa na gharama isiyolingana na umri uliobaki.

Wigi la mama limejikunja mbele ya tanuri

*Mshauri wetu, mama yangu anaendelea na matibabu ya saratani na nywele zake zimetoka zote. Tulimnunulia wigi la nyuzi za kiwandani, la kuvaa na kuvua. Juzi alifungua mlango wa tanuri la jikoni, na nywele za mbele zikajikunja kama zilizoungua ingawa hakuna moto uliozigusa. Je, zaweza kunyooshwa? Tena, tunaogopa kuliosha tusije tukalimaliza kabisa, na ngozi ya kichwa chake inauma hata ikiguswa kidogo.*

Mwanangu, mfikishie mama pole zetu. Nyuzi zile ni plastiki, na umbo lake, liwe ni la mawimbi au la kunyooka, liliwekwa kwa joto kiwandani. Pumzi ya moto inayotoka tanurini au mvuke wa sufuria iliyofunuliwa ghafla inatosha kulainisha plastiki hiyo, nayo ikipoa hubaki na umbo baya ililolipata. Hazinyooshwi. Zilizojikunja nchani zikatwe na msusi kwa mkasi mkali, kiasi cha sentimita moja au mbili, na mara nyingi hakuna atakayetambua. Tangu sasa, aingiapo jikoni avue wigi na kufunga kitambaa, jambo ambalo wenye mawigi ya nyuzi wengi hulijifunza kwa namna hiyohiyo aliyojifunza yeye. Mashine ya kukaushia na pasi ya nywele navyo visiliguse, ila kama lebo ya wigi inasema waziwazi kwamba nyuzi zake zinahimili joto na kutaja kiwango chake.

Kuliosha ni rahisi kuliko mnavyohofia. Lichaneni likiwa kavu, mjaze beseni maji baridi, mkoroge shampuu laini kiasi cha kifuniko kimoja cha chupa, kisha mlitumbukize likae dakika tano. Libonyezeni taratibu ndani ya maji; ukingo wa mbele unaogusa paji, ambako jasho na vipodozi hujikusanya, mwaweza kuupitia kwa mswaki laini. Lisuuzeni kwenye maji baridi safi, mlikamue ndani ya taulo bila kulisokota, kisha mlitundike juu ya kitu chembamba kama chupa ndefu ili hewa ipite. Msilivalishe kichwa bandia likiwa limelowa, kwa sababu kofia yake itavutika na kulegea. Likikauka litarudi lenyewe kwenye umbo lake, na hapo ndipo lichanwe. Akilivaa kila siku, kuliosha baada ya kuvaliwa mara saba au nane kunatosha, na katika majira ya joto mapema zaidi.

Kuhusu ngozi inayouma, chini ya wigi avae kofia nyepesi ya pamba, na kichwa chenyewe kioshwe kwa shampuu ya watoto na maji ya uvuguvugu. Asitumie gundi wala utepe katika kipindi hiki, hata akishawishiwa kwamba wigi litatulia zaidi, kwani ngozi iliyo kwenye matibabu hayo huchubuka upesi, na mwili wake huenda hauna nguvu za kawaida za kupigana na vijidudu. Akiona vipele au vidonda, awaambie wanaomtibu kabla ya kupaka kitu chochote. Nywele zake, kwa watu wengi, huanza kuota tena katika miezi michache baada ya matibabu ya dawa kumalizika, na zinaweza kuanza na umbile au rangi tofauti na ya zamani, kwa hiyo asishtuke.

Harufu, muwasho, na gundi juu ya gundi

*Dada mshauri, mume wangu ameniruhusu niandike. Huvaa wigi la kubandika lenye kitako cha plastiki laini, na hulivua kila baada ya majuma manne, wakati mwingine matano. Kuanzia juma la tatu huwa na harufu ambayo sijui niitaje vipi bila kumvunjia heshima. Kingo zikiinuka huongeza gundi juu ya gundi. Akilivua, gundi ya zamani huikwangua kitakoni kwa kisu butu. Sasa pembezoni mwa paji pake pamekuwa pekundu na pana muwasho.*

Dada, umefanya vema kuandika, na shemeji amefanya vema zaidi kukubali, kwa sababu harufu ya namna hiyo mvaaji ndiye wa mwisho kuisikia.

Plastiki haipitishi hewa wala jasho. Ngozi iliyofunikwa inaendelea kutoa mafuta, na inaendelea kujivua: tabaka lake la juu hujibadili lote kwa muda wa takribani mwezi mmoja. Kwa majuma matano shemeji anakuwa ameifungia chini ya wigi ngozi iliyokufa ya mwezi mzima pamoja na jasho lake, na vijidudu vya kawaida vya mwilini vikapata shamba. Zaidi ya hayo, nywele zake mwenyewe zilizonyolewa chini ya wigi huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na hizo ndizo zinazokiinua kitako na kumlazimisha kuongeza gundi. Kwa kitako cha plastiki, ningependa avue kila baada ya siku 7 hadi 14, hata kama gundi yake imeandikwa kwamba inashika majuma sita. Maandishi hayo yanaeleza nguvu ya gundi, na hayasemi lolote kuhusu ngozi.

Gundi juu ya gundi ni kazi bure. Ile mpya hushika ile ya zamani vizuri sana, na ile ya zamani haishiki tena ngozi.

Wakati wa kuvua, asivute. Apake kiyeyusha gundi kwenye ukingo, asubiri dakika tano, akiinue kitako kidogo kidogo huku akiongeza kiyeyusha kila panapogoma. Wigi likitoka, lilazwe juu ya taulo, nywele zikiwa chini na kitako kikitazama juu, ili vinavyomiminwa visizame kwenye nywele. Vyeyusha gundi vipo vya namna mbili kuu. Spiriti hukauka haraka na haiachi mafuta, na hufaa kwa tepe na gundi nyingi nyepesi. Lakini inakausha ngozi, inawaka moto kwa urahisi, na mvuke wake unataka dirisha lililo wazi na macho yaliyo mbali. Vile vilivyotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya machungwa huyeyusha gundi ngumu kwa upole zaidi, ila huacha utelezi, na usipoondolewa kwa shampuu gundi inayofuata haitashika hata kwa siku moja. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, isikaribie kabisa kitako cha plastiki, maana hukiyeyusha au kukikunja palepale.

Kisu kiwekwe jikoni. Gundi iliyoloweshwa vizuri hujiviringisha yenyewe ikipitiwa kwa ncha ya kidole au mswaki laini, na pale isipotoka, dawa yake ni kuongeza kiyeyusha na kusubiri tena. Nguvu haisaidii. Kwenye kitako chembamba hivyo, mkwaruzo mmoja ndio mwanzo wa mpasuko. Gundi ikishatoka, kitako kioshwe kwa shampuu kidogo, kisuuzwe, kikauke kabisa.

Sasa wekundu. Yaweza kuwa ni ngozi iliyochoka tu kwa kuvutwa, kwa spiriti na kwa mabaki ya gundi, na hiyo hutulia ikipumzishwa siku chache. Yaweza pia kuwa ni mzio. Gundi nyingi za kazi hii zimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya akrileti, ambazo zinajulikana kusababisha mzio wa ngozi, na mzio huo waweza kuanza hata kwa mtu aliyeitumia gundi hiyo miaka mingi bila shida. Dalili yake ni muwasho mkali unaovuka mstari wa gundi na kurudi kwa ukali zaidi kila anapobandika. Vyovyote iwavyo, asibandike juu ya ngozi iliyochubuka. Akae bila wigi, au avae kofia, mpaka ngozi ipone. Kisha gundi yoyote mpya aijaribu kwanza kwa tone dogo sehemu ya ndani ya mkono na kulitazama kwa saa 48. Akiona malengelenge, usaha au uvimbe unaoshuka kuelekea machoni, amwone daktari wa ngozi, na aende na chupa ya gundi ili daktari asome kilichomo.

Baada ya hapo, kila anapovua, kichwa kioshwe kwa mikono yote miwili, bila haraka, kama vile hakuna wigi duniani, na kilale wazi usiku huo. Najua ni usiku anaouchukia, lakini kwa kuwa wewe unajua siri yake, ana nafasi ambayo wengi hawana.

Unga badala ya maji

*Je, naweza kutumia shampuu ya unga ili nisiloweshe wigi mara kwa mara?*

Waweza kwa wigi la kuvaa na kuvua, kidogo sana, ukipulizia juu ya nywele na kulipiga brashi hadi unga utoke. Kwa wigi lililobandikwa sishauri, kwa sababu unga hushuka na kuziba matundu ya lesi, huchanganyika na jasho na kuwa uji, na uji huo hukaa pale gundi inapotakiwa kushika. Wazo lenyewe ni la kale. Mfalme Louis XIII wa Ufaransa alipoanza kuvaa wigi mwaka 1624, aliwafungulia njia watu wa makasri ya Ulaya, ambao baadaye waliyapaka mawigi yao unga wa wanga badala ya kuyaosha. Unga huo ulitumika sana hata Uingereza ikautoza kodi mwaka 1795. Waheshimiwa wale walikuwa na watumishi wa kuyashughulikia mawigi yao kila siku, na hawakuwa na gundi chini yake.

Rangi imekuwa ya kutu, nami napenda kuogelea

*Wigi langu lilikuwa jeusi, nalo ni la nywele za binadamu. Baada ya miezi miwili limeanza kuwa na wekundu wa kutu juu. Huogelea mara mbili kwa juma. Nalibandika kwa utepe. Nifanye nini, na je, nilipake rangi?*

Jua na klorini ndivyo vimefanya kazi hiyo, na nywele za wigi hupauka upesi kwa sababu nyingi zilikwishapaushwa na kutiwa rangi kiwandani. Kabla ya kuingia bwawani lilowesha kwa maji safi na upake kondishena kidogo kwenye nywele, kwani unywele ulioshiba maji safi hauna nafasi kubwa ya kunywa maji ya dawa. Kisha vaa kofia ya kuogelea. Ukitoka, suuza papo hapo, usingoje ufike nyumbani. Utepe hulegea ukikaa majini, hivyo kagua ukingo wa mbele kabla ya kujirusha. Nimewahi kusimuliwa kisa cha wigi lililoelea peke yake, na mwenye wigi hakucheka.

Kutia rangi nyeusi zaidi kunawezekana, kwa rangi laini isiyo na amonia, na ni heri kazi hiyo afanye fundi. Rangi isifike kwenye kitako, maana kikitiwa weusi kitaonekana kama doa kwenye paji. Kulipausha liwe na rangi nyepesi zaidi usijaribu hata kwa ncha tu.

Nitajuaje kwamba limekwisha?

*Fundi kila mara ananiambia ninunue jingine. Nitajuaje kama ni kweli au ni biashara?*

Litazame kitako kwanza, halafu nywele. Kitako cha plastiki nyembamba kwa kawaida hudumu mwezi mmoja hadi mitatu, cha lesi miezi mitatu hadi sita, na cha nailoni nene chaweza kufika mwaka likitunzwa. Lakini muda ni makadirio tu. Lesi iliyochanika kwenye mshono wa mbele, plastiki iliyogeuka ya manjano na kuwa ngumu, au mahali ambapo ukilishikilia wigi mbele ya taa unaona mwanga mwingi kuliko nywele, hizo ni dalili ambazo hakuna kondishena inayozitibu. Nywele kavu peke yake si sababu ya kulitupa. Wigi lililochakaa waweza kulibakiza kwa siku za kazi za vumbi, au kwa ule wakati jipya linapokuwa limevuliwa kuoshwa.

Na kabla ya kuliaga, kata kishungi kidogo cha nywele kutoka kisogoni, ambako rangi haijapauka, ukifunge kwa uzi na kukitia kwenye bahasha, ili kiwe ndicho utakachomwonyesha fundi unapoagiza jingine. Cha utosini kitamfanya akuletee wigi lenye rangi ya kutu tangu siku ya kwanza.